Historia ya Ziwa Tanganyika haiishii Ujiji

Aprili 1858 mitumbwi miwili mikubwa ya Wajiji iliondoka Ujiji na kuvuka ziwa kuelekea magharibi. Ndani yake walikuwemo Waingereza wawili wagonjwa, Richard Burton na John Speke, mmoja akiwa hawezi kutembea na mwingine macho yakimuuma. Wenye safari hasa walikuwa wapiga makasia na mkubwa wao Kannena: ndio waliojua upepo, mahali pa kulala na mtu wa kulipwa hongo. Walipumzika Ubwari kabla ya kufika Uvira, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ubwari ni rasi, na mtoto yeyote wa Baraka anayeitazama ng'ambo ya ghuba kila asubuhi angeweza kumwambia. Hata hivyo ghuba hiyo, iliyopo kati ya rasi na nchi kavu, ndiyo iliyokuja kuandikwa kwenye ramani kwa jina la Burton.

Safari ya namna ile, ya chombo kidogo kinachoambaa pwani na kusimama penye habari, leo ni biashara nono katika Bahari ya Mediterania. Meli za abiria wachache, pamoja na majahazi ya mbao ya Uturuki yenye vyumba vya watu kumi au ishirini, hutoka bandari moja hadi nyingine. Mchana wageni hushuka kuangalia magofu, usiku hulala chomboni. Hupita Efeso, mji ambao Wakristo wa Fizi, eneo la Kongo kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, wanaukuta katika nyaraka za Paulo. Bandari ya kale ya Efeso ilijaa udongo ulioletwa na mto, na leo magofu yako kilomita kadhaa kutoka baharini, kwa hiyo meli hutia nanga Kuşadası na abiria humalizia njia kwa basi. Hupita pia Delos, kisiwa cha Ugiriki kisicho na hoteli hata moja: wageni huletwa kwa boti kutoka Mykonos na kuondoka siku hiyohiyo. Mawe ya Delos yamebomoka kama mawe ya mahali pengine popote. Kinachowaleta watu ni kwamba kuna waliochimba, waliopima, walioandika, na wapo wanaolinda na kueleza.

Fizi ina habari za kutosha kuisimamisha meli ya aina hiyo mara nne au tano kabla haijafika Kalemie. Kazi ya kuziandika, kuzitia alama na kuzilinda ndiyo bado, na kazi hiyo haina sababu ya kungoja meli wala mtalii.

Ziwa lenyewe si dogo kwa shughuli kama hiyo. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani kote ni Baikal ya Urusi tu inayolizidi kina. Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zote zimelizunguka. Na kwa miaka mingi kulikuwa na meli iliyopakia wageni waliokuja kwa ajili ya historia: MV Liemba ya Kigoma. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa katika makasha 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, wakiwa wameipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikuwa ikitoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na katika vijiji vingi visivyo na gati ilisimama mbali na ufuko huku mitumbwi ikiikimbilia na abiria, mananasi na magunia ya dagaa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ilisimamishwa, na serikali ya Tanzania imeingia mkataba wa kuifufua.

Watu wa Fizi wanaijua Liemba kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuangushwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia kurudisha makumi ya maelfu ya Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Kwa mtalii ile ni meli ya vita ya Kaiser. Kwa familia nyingi za Baraka, Mboko na Kazimia ni jina linalokumbusha mwaka wa kurudi nyumbani. Mwongozaji wa safari anayesimulia habari ya kwanza na kuiacha ya pili amesimulia nusu ya meli.

Hapo ndipo ugomvi wa makala haya ulipo. Historia ya ziwa hili imekuwa ikisimuliwa kutoka upande mmoja, na kwa macho ya wageni waliopita.

Ujiji ni mfano mzuri, kwa sababu pale angalau kazi imefanyika. Chini ya miembe iliyotokana na mwembe wa zamani kuna jiwe la ukumbusho lenye ramani ya Afrika iliyochorwa msalaba, na maandishi yanayosema Stanley alimkuta Livingstone hapo tarehe 10 Novemba 1871. Kando yake kuna makumbusho yenye sanamu za watu hao wawili wakisalimiana kwa kuvua kofia. Mgeni hushangaa kwamba ziwa liko mbali na miembe, ilhali simulizi zinasema walikutana karibu na maji. Mambo yaliyoikuta Efeso yaliikuta Ujiji pia, ila kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa kwa sababu mdomo wa mto Lukuga, pale Kalemie ya leo, ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Karibu na 1878 maji yalibomoa kizuizi hicho, Lukuga ikaanza kumwaga kuelekea mto Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ufuko wa Ujiji ukaondoka mahali pake.

Tanzania iliiingiza Ujiji katika orodha yake ya mapendekezo kwa UNESCO mwaka 2006, chini ya Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Njia hiyo inaanzia Bagamoyo, inapita Mpwapwa na Kwihara karibu na Tabora, inaishia Ujiji. Kwenye karatasi inaishia hapo. Katika maisha ya watu haikuishia hapo hata siku moja. Misafara ilivuka ziwa hadi Mtowa, ikapanda Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Uvira ilikuwa soko la watumwa na pembe wakati Burton alipofika. Waliofungwa minyororo kwenda Bagamoyo wengi walitoka ng'ambo hii, na Kiswahili kinachosemwa leo sokoni Baraka kiliingia kwa mitumbwi iliyofuata njia hiyohiyo, midomoni mwa wapagazi, wafanyabiashara na Waungwana wa Manyema. Njia ya watumwa isiyo na upande wa Kongo inaonyesha walikopita mateka na kuacha kijiji walikotekwa.

Kongo nayo haijajisaidia. Ina maeneo matano katika orodha ya Urithi wa Dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Yote ni ya maumbile. Hakuna hata moja la utamaduni au historia, katika nchi yenye Kasongo na masimulizi ya falme za Waluba.

Mgeni akishuka Ubwari leo aelezwe nini? Aelezwe kwanza kuhusu Mapadri Weupe, waliofika pwani ya Wamasanze mwaka 1880 na miaka mitatu baadaye wakajenga misheni Kibanga, waliyoiita Lavigerieville kwa heshima ya kardinali wao. Walikuwa wameshapoteza wenzao watatu huko Rumonge, upande wa Burundi, waliouawa Mei 1881. Kibanga walikomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa, wakawalea, wakawaozesha na kuwapa mashamba kuzunguka misheni. Kwa takriban miaka kumi palikuwa na kijiji kizima cha watu waliokombolewa. Maradhi, pamoja na vita vya Rumaliza wa Ujiji, ambaye jina lake hasa ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, vilikivunja. Watoto wale walikuwa na majina, lugha na makabila, na vizazi vyao vipo ziwani hadi leo. Shajara za mapadri zimehifadhiwa Roma. Masimulizi ya wajukuu hayajahifadhiwa popote.

Kusini zaidi, nje ya Fizi, iko Mpala, kituo alichoanzisha Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Desemba mwaka uliofuata watu wake walimuua Lusinga, chifu wa Watabwa, na Storms akaondoka na fuvu la kichwa chake pamoja na sanamu ya ukoo wake. Sanamu iko katika makumbusho ya Tervuren, nje ya Brussels, na fuvu nalo likaishia katika taasisi ya Brussels. Juni 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika bustani moja ya mji huo. Habari hiyo ina ujumbe kwa Fizi, kwa sababu Wabembe na Wabuyu nao wana vyao huko: vinyago vya Wabembe vya chama cha Alunga, vyenye uso mbele na nyuma, na sanamu za mababu za Wabuyu, ambazo wakusanyaji wa Ulaya wanazitafuta kwa bei kubwa. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu 84,000 hivi vilivyoko Tervuren. Orodha ipo. Mbunge wa Fizi anaweza kuomba sehemu inayohusu Fizi ibandikwe ukutani katika ofisi ya eneo, watu wasome kilichochukuliwa na kijiji kilikochukuliwa.

Lakini habari kubwa kuliko zote katika pwani hii ni ya mwaka 1965.

Usiku wa kuamkia 24 Aprili mwaka huo, boti ilitoka Kigoma na kushusha watu kumi na wanne Kibamba, kusini mwa Baraka. Walikuwa Wacuba waliokuja kuwasaidia waasi wa Kongo dhidi ya serikali, nao wakapewa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: Víctor Dreke, aliyeonekana kuwa mkuu wao, akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na daktari wao, mzungu mwembamba aliyekuwa akibanwa na pumu, akawa Tatu. Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara. Kijana wa Kikongo wa miaka 16, Freddy Ilanga, aliwekwa naye awe mkalimani na mwalimu wake wa Kiswahili, na kwa muda hakujua anamfundisha nani. Baadaye Ilanga alipelekwa Cuba, akasomea udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo, na alifariki huko mwaka 2005.

Kambi yao ilikuwa juu ya mlima waliouita Luluabourg. Juni 7 Léonard Mitudidi, kiongozi wa Kikongo ambaye Che alimheshimu sana, alizama ziwani karibu na Kibamba. Juni 29 walishambulia kituo cha umeme cha Bendera wakashindwa, na miili ya Wacuba waliouawa ikawafichua mbele ya wapelelezi wa Marekani. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walitua Baraka kwa njia ya ziwa, wakisaidiwa na boti za kivita na ndege. Wapiganaji wa Baraka walipigana kwa siku kadhaa, kwa ushupavu ambao Hoare mwenyewe aliukiri katika vitabu vyake. Oktoba mji wa Fizi ukaanguka. Tarehe 21 Novemba Che na wenzake walivuka kurudi Kigoma, wakiwaacha ufukoni watu wengi waliotaka kupanda boti nao. Alikwenda Dar es Salaam, akajifungia katika ubalozi wa Cuba na kuandika kumbukumbu za miezi ile saba.

Bolivia, alikouawa mwaka 1967, imeweka njia ya wageni inayopita Vallegrande na La Higuera, wenyeji wakiwa ndio waongozaji na wenye nyumba za kulala. Santa Clara, Cuba, kuna kaburi na makumbusho yanayotembelewa na watu wa dunia nzima. Kibamba ndiko alikokuja kupigana Afrika, na ndiko alikojifunza kuhesabu kwa Kiswahili. Nani amewahi kuona kibao hapo?

Tena jambo la Fizi halihusu Che peke yake, na hapa pana hatari ya kurudia kosa la Ujiji, la kusimamisha jiwe kwa ajili ya mgeni na kumsahau aliyempokea. Che ameandika upande wake. Dreke ameandika. Hoare ameandika. Idara za upelelezi za Marekani zimefungua sehemu ya nyaraka zao. Waliopika, waliobeba risasi kupanda mlima, waliochomewa vijiji na ndege, waliokimbilia Kigoma na watoto mgongoni, hao hawajaandikwa. Kijana aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1965 leo amevuka miaka 75. Kila msimu wa mvua unaopita, Fizi inazika maktaba yake.

Baada ya Che kuondoka, Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi, alibaki. Desemba 1967 aliunda chama cha PRP, na kwa takriban miaka ishirini milima ya Fizi ilikuwa na eneo lake lenye jina la Hewa Bora, lenye mashamba, shule na kodi zake, dhahabu na pembe zikivushwa kwenda Kigoma. Mei 1975 wapiganaji wake walivuka ziwa usiku hadi Gombe, kwenye kituo cha Jane Goodall cha utafiti wa sokwe, wakawachukua wanafunzi watatu Wamarekani na Mholanzi mmoja, wakawaficha milimani hadi fidia ilipolipwa. Mei 1997 mtu huyohuyo aliapishwa rais wa nchi. Yapo maeneo machache ya vijijini Afrika yenye uhusiano wa karibu namna hii na historia ya dunia, na wakazi wa Hewa Bora wana mengi ya kusema, mazuri na machungu, kuhusu maisha chini ya chama kile.

Msomaji wa Baraka atauliza, na ana haki: utalii gani wakati watu wanakimbia? Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025. Desemba mwaka huo vita vikashuka hadi Uvira, na wakimbizi wakafuata barabara ya ziwa kuja Fizi, au wakavuka kwenda Burundi. Milima ya juu ina makundi ya silaha tangu miaka mingi. Kumwita mgeni aje kutalii sasa ni kumdanganya na kumhatarisha, na hakuna anayependekeza hivyo. Ila iko tofauti kati ya kupokea watalii na kutunza kumbukumbu. Leptis Magna, mji wa Kirumi katika pwani ya Libya, umo katika Urithi wa Dunia tangu 1982. Vita vilipoingia, meli za wageni zilikoma, na mwaka 2016 UNESCO iliuweka katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Wenyeji waliendelea kuulinda bila mtalii hata mmoja. Siku meli zitakaporudi, mji utakuwepo. Fizi ikingoja amani ndipo ianze kuuliza wazee, wazee hawatakuwepo.

Na maji nayo hayangoji. Ziwa limekuwa likipanda tangu kuanza kwa muongo huu. Mwaka 2024 lilifunika nyumba, masoko na bandari kutoka Bujumbura hadi Kalemie, na Baraka haikupona. Chochote cha kale kilichobaki karibu na ufuko, iwe msingi wa misheni au gati la zamani, kiko njiani mwa wimbi.

Swali jingine ni zito zaidi. Historia ya karibu ya Fizi ina damu, na kuitia alama kunaweza kufukua ugomvi. Makobola, kwenye barabara ya Uvira, mamia ya raia waliuawa kuanzia 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inaieleza habari hiyo. Ripoti hiyohiyo inaeleza mauaji ya Wanyamulenge huko Lueba na Baraka Septemba 1996. Kila upande unaikumbuka ripoti kwa ukurasa wake. Jibu la uaminifu ni kwamba kumbukumbu ya Fizi itakuwa na thamani pale tu itakapoweka kurasa zote mbili mahali pamoja: Makobola na Lueba, Mbembe na Mnyamulenge, Mfuliiru na Mbuyu. Zanzibar inamwonyesha mgeni soko la watumwa la Mkunazini pamoja na kanisa lililojengwa juu yake, na inamweleza kwamba waliouza na waliouzwa wote walikuwa na majina ya hapa kwetu. Ni kazi ngumu. Wazee wa makabila yote wakikaa pamoja kukubaliana maneno ya kuandikwa kwenye kibao kimoja, kikao chenyewe kina faida kubwa kuliko kibao.

Kuhusu vyombo, suala si la watalii hata kidogo. Ufukoni Baraka asubuhi, boti za mbao zinazotoka Ubwari, Kazimia na Kigoma hukaribia hadi maji yanapowafika wabebaji kiunoni. Wanaume hushusha magunia ya mihogo, madumu ya mawese na vifurushi vya ndakala vilivyokaushwa. Akina mama hubebwa mgongoni hadi mchangani, kila mmoja akilipia mgongo wake. Jaketi za kuokolea maisha, zikiwepo, hazitoshi watu waliopanda. Oktoba 2024 boti Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka nchi kavu, na makumi ya abiria wakafa kwa sababu ya shehena kupita kiasi. Ile ilikuwa Kivu; Tanganyika ina mawimbi makubwa zaidi. Gati imara, idadi ya abiria inayoheshimiwa na chombo chenye redio vitamfaa kwanza mama anayepeleka ndakala sokoni na mwanafunzi anayetoka Ubwari kuja kufanya mtihani. Mgeni wa historia atapanda baadaye kilekile wanachopanda wao, na atakuwa salama kama wao.

Watakaoanza kufanya safari hii wanajulikana. Ni vijana wa sekondari wa Baraka wasiowahi kufika Kibamba, wanafunzi wa Kigoma wanaosoma habari za Livingstone bila kujua kwamba siku chache baada ya kukutana yeye na Stanley walipiga makasia hadi mdomo wa Rusizi, karibu na Uvira, kuhakikisha mto unaingia ziwani au unatoka. Ni Wakongo walioko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996, na watoto waliozaliwa humo wasiojua sura ya Fizi. Sehemu ya wazee wanaotafutwa wako humohumo kambini, mwendo wa siku moja kutoka makumbusho ya Ujiji. Mwalimu wa historia mwenye simu inayorekodi anaweza kuwafikia kabla serikali yoyote haijatoa senti.

Nchi nne za ziwa zina chombo cha pamoja, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, iliyotokana na mkataba wa mwaka 2003. Hadi sasa kazi yake ni samaki, maji na mazingira. Kongo imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Pendekezo la njia ya watumwa la mwaka 2006 bado ni pendekezo, na linaweza kuongezwa Mtowa, Kabambare na Kasongo kabla halijapelekwa mbele. Mazungumzo hayo yaanzishwe na Kinshasa, kwa maandishi, na Dodoma haina sababu ya kukataa: njia iliyokamilika ina nguvu zaidi mbele ya UNESCO.

Hapa nyumbani, wakuu wa sekta nne za Fizi, yaani Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, waagize kila kimoja cha vijiji vyao kitaje mahali pake pa kale na mzee wake anayejua habari za hapo. Viwanja vya Kibanga, Kibamba na Makobola visigawiwe kwa ujenzi kabla havijapimwa na kuwekwa mipaka. Na walimu wa Baraka wasingoje agizo la mtu: likizo ijayo kila mwanafunzi arudi darasani na masimulizi ya mzee mmoja, yakiwa na jina la mzee, kijiji na mwaka.